Pasi Iliyonenepa

Kisa hiki hamtakiamini, na msipokiamini sitawanunia, maana hata mimi niliyekuwepo naona kama nilisimuliwa. Ni kisa cha pasi ya umeme iliyoongezeka uzito bila kuongezwa kitu, na cha mtu aliyeacha kuzungukazunguka nyumbani watu wakashangilia, kumbe walitakiwa waanze kukimbia. Mwenyewe yuko hapa hapa, nyuma ya mgongo wangu, anapiga pasi mashati ya watu. Ameniruhusu niandike kwa sharti moja, nisitie chumvi. Nimemwapia. Chumvi nimeiacha jikoni.

Ndani yake kuna mjomba. Mjomba huyo ni mimi, lakini nitamwita mjomba tu, kwa sababu nikisema mimi, mimi, mtadhani najisifu. Na mtu aliyesoma mpaka darasa lililomtosha, mwenye kifua kama hiki na akili inayokata kama wembe, ana haja gani ya kujisifu?

Haya, twende.

Mpwa wa mjomba anaitwa Kola. Jina lake la vyeti lipo, limelala kwenye vyeti. Hili la Kola alipewa na wateja wa Mama Sabuni, dobi aliyemwajiri, kwa sababu hakuna mtu anayenyoosha kola ya shati kama yeye. Anafanya kazi chumba cha nyuma, chenye dirisha moja la wavu uliojaa vumbi la nyuzi. Kuna meza ndefu iliyovalishwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, na shuka lenyewe lina doa la rangi ya chai pale pasi inapopumzikia. Waya wa pasi umening'inizwa darini kwa springi, usije ukaburuta nguo. Kola ya shati haianzwi katikati, atakwambia. Unaanza nchani unaingia ndani, kidogo kidogo, kisha unarudi ncha ya pili. Ukianzia katikati unaisukuma mikunjo yote nje, halafu mtu wa watu anakwenda kazini na masikio ya mbuzi shingoni.

Alipokuwa kijana, akisomea ufundi wa umeme, vitu vilianza kumwendea mrama. Siku moja alisema saa ya ukutani inamkazia macho. Siku nyingine akasema kabati linamsogelea. Mama yake, ambaye ni dada yake mjomba, alicheka. Baada ya kabati zikaja sauti za watu waliomsema vibaya mchana kutwa, watu ambao hawakuwepo, na tangu hapo dada hajacheka tena akisikia kitu kisicho na roho kinasemwa kama chenye roho. Daktari aliuita ugonjwa huo skizofrenia. Mjomba alilitamka neno hilo sawasawa siku ile ile. Dada lilimshinda mwezi mzima.

Kola akapewa sindano ya kila mwezi. Sauti zikarudi nyuma, zikawa kama redio ya jirani. Moja tu iligoma kuhama, ya mteja mkorofi asiyeridhika, ambaye hata leo humwambia, "Hiyo kola imepinda." Kola humjibu kimoyomoyo, "Leta risiti."

Lakini dawa ilipotuliza kichwa, ikachokoza miguu. Kola akawa kiguu na njia ndani ya nyumba. Kutoka mlangoni hadi jikoni, kutoka jikoni hadi mlangoni, jioni nzima, sigara mkononi, akigeuka pale pale penye kigae kilichopasuka. Ukimwambia akae, anakaa, goti linacheza, anasimama tena. Mama yake akiwa jikoni alikuwa anasikiliza nyayo hizo kama mtu anayesikiliza chungu kisije kikafurika. Zikienda mbio, alificha visu na kumpigia simu mjomba. Zikienda taratibu, alivuta pumzi. Hicho ndicho kilikuwa kipimajoto cha nyumba ile. Hakuna aliyekipanga, kilijipanga chenyewe, na miaka mingi hakikuwahi kuwadanganya.

Na jambo jingine mlijue mapema. Mjomba na Kola wana salamu yao. Hawapeani mkono kama watu, wanabanana. Anayeguna kwanza kashindwa. Mjomba, pamoja na kifua chote hiki, alishindwa kila mara, kwa sababu mtu anayeishi na pasi mkononi vidole vyake ni koleo. Kola alikuwa anabana huku anaangalia pembeni, kama hayumo, mpaka mjomba aseme, "Basi, basi, mjinga wewe, mkono huu ndio unaolisha ukoo!"

Sasa, mwaka wa kisa hiki nyayo zilianza kupungua.

Kwanza Kola aliacha kufika jikoni, akawa anageukia katikati ya korido. Kisha akawa anatembea kidogo anaegemea ukuta. Kisha jioni moja hakutembea kabisa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya mapaja, goti limetulia tuli. Mama yake alichungulia mlangoni mara ya kwanza, akachungulia ya pili, akaenda kulia kwa furaha chooni.

"Kaka, ametulia!" alipiga kelele kwenye simu. "Mwanangu ametulia!"

"Nilikwambia," mjomba akasema. "Si nilimwambia apunguze chai ya rangi? Ushauri wangu mimi haupotei."

Dada alipika chakula kizuri, akaita majirani wawili watatu, akawaambia wasikilize. Wasikilize nini? Kimya. Wakakaa sebuleni wanasikiliza kimya cha korido na kumpongeza. Kola naye akala vijiko vichache, akasema ameshiba, akarudi kitandani na viatu.

Yeye mwenyewe hakujiona ametulia. Alijiona kama betri iliyoachwa kwenye tochi inayowaka. Ile hamu ya kutembea ilikuwepo bado, inamwasha ndani ya mifupa kama zamani, ila miguu ilikuwa haiitikii. Hebu fikiria hilo. Unataka kukimbia, umefungwa ndani ya gunia lenye unyevu. Kila mafua yaliyopita mtaani yalimsalimia, na kwa wengine yalipita siku mbili tatu, kwake yakaweka kambi. Pasi ilikuwa imemgusa kifundo cha mkono, jambo la kawaida kwa mpiga pasi, kidonda cha kukauka wiki hiyo hiyo. Hiki hakikukauka. Kila asubuhi kilikuwa kibichi. Akashusha mkono wa shati akakifunika, kwa sababu alikwishajua jinsi mambo yanavyokwenda. Mtu akishaitwa mgonjwa wa kichwa, akisema mguu unauma, wanampima kichwa.

Kazini alianza kuiweka pasi chini kila baada ya shati moja. Kisha kila baada ya mkono mmoja wa shati. Siku moja alikuwa ameshika makoti meupe ya watu wa maabara, kitambaa kigumu, Mama Sabuni akaja kuyaulizia.

"Kola, bado tu? Wenyewe wako nje."

"Mama Sabuni," Kola akasema, anahema, "hii pasi imenenepa."

Mama Sabuni akacheka. Wafuaji nao wakacheka kule uani. Mmoja akauliza kama pasi nayo inakula wanga wa mashati. Kola hakucheka. "Nasema kweli. Zamani haikuwa hivi. Imeongezeka."

Hapo cheko la Mama Sabuni likakatika. Ni mama mwenye roho nzuri, ila anaogopa mambo asiyoyajua, na mbele yake palikuwa na mtu anayejulikana na mtaa mzima ameshika chuma cha moto. Akamwambia kwa sauti ya kubembeleza, ile wanayobembelezewa ng'ombe, "Iweke chini, baba. Pole pole. Nenda nyumbani upumzike mpaka kichwa kikae sawa. Meza yako nitampa mtu aishike kidogo."

"Kichwa kiko sawa. Nimesema pasi."

"Ndiyo, baba. Ndiyo. Weka chini."

Hicho ndicho kilichomkata maini. Meza ile ndiyo mahali pekee duniani ambapo Kola hakuwa mgonjwa wa mtu yeyote. Nyumbani alikuwa mgonjwa wa mama yake, kliniki alikuwa mgonjwa wa daktari, barabarani alikuwa yule wa kunyooshewa kidole. Mezani alikuwa Kola. Na sasa inashikwa na mtu anayeanzia katikati.

Dada aliposikia habari za pasi kunenepa, aliona lile kabati linasogea upya. Alishika tama, akasimama, akakaa, akasimama tena. Sasa yeye ndiye aliyekuwa anatembea korido, na mwanawe amekaa.

"Inaanza upya, kaka. Ilianza hivi hivi."

"Lakini ametulia," mjomba akasema. "Ulisema ametulia."

"Ametulia miguu! Mdomo umeanza!"

Walibishana hapo, huyu anapima kwa miguu, huyu anapima kwa mdomo, Kola yuko chumba cha pili anasikia kila neno. Mwisho mjomba akapata wazo, na nyinyi mnaomfahamu mnajua mawazo yake hayaji kimya. Alikwenda kwa Mama Sabuni, akaazima ile pasi na nyingine ya kampuni ile ile, akamchukua Kola, wakaenda zote tatu, yaani pasi mbili na mpwa, kwa muuza nyama mwenye mizani.

"Nipimie hii," mjomba akasema.

Muuza nyama akaangalia pasi, akamwangalia mjomba, akamwangalia Kola. "Na mifupa au bila mifupa?"

Akazipima. Zililingana. Akabadilisha upande, zikalingana tena. Watu waliokuja kununua nyama wakakusanyika, kila mmoja anatoa maoni. Mama mmoja akashauri waya nao upimwe peke yake.

"Umeona, mpwa wangu?" mjomba akasema kwa upole mkubwa, akijiona hakimu. "Pasi ni ile ile."

Kola alikuwa ameegemea kaunta, uso umemtoka jasho na jua lenyewe halikuwepo. "Nimeona, mjomba. Basi kama pasi ni ile ile, nipimeni mimi."

Watu wakaangua kicheko. Mjomba akacheka kuliko wote. Muuza nyama akasema mizani yake haipimi watu wenye miguu miwili. Kola akacheka kidogo kwa adabu, kisha akaanza kukohoa, na kikohozi kile kilichukua muda mpaka kicheko kikaisha chenyewe.

Kesho yake walikwenda kliniki, dada na mjomba na Kola katikati yao kama mtu aliyekamatwa. Dada alikuwa amejiandaa. Njia nzima alikuwa anarudia maneno: wamwongezee sindano kabla mambo hayajaharibika. Kola alijua maana ya kuongezewa sindano. Atalala, atanenepa, miguu itawashwa zaidi, na meza ya Mama Sabuni atabaki anaisikia kwa watu. Akawaambia mara moja tu, "Msiombe dawa. Ombeni wanipime." Wao walikuwa wanatafuta benchi.

Walisubiri sana. Watu wanaingia, watu wanatoka, mlango unalia kila ukifunguliwa, dada anasimama kila ukilia. Mjomba kusubiri kunamshinda kabisa, akaanza mizaha. Akamnyooshea Kola mkono.

"Haya, mpwa, salamu yetu. Nikushinde angalau leo uko hoi."

Kola akaupokea.

"Bana basi," mjomba akasema.

Mjomba akasubiri.

"Bana, bwana, unanionea huruma?"

"Nimebana, mjomba. Nimebana tangu mwanzo."

Mjomba akautazama ule mkono. Vidole vilikuwa vimemzunguka sawasawa, vyeupe kwenye vifundo kwa kujikaza, na yeye hasikii kitu. Ilikuwa kama kushika kola iliyotoka kwenye maji. Mjomba alifunga mdomo. Narudia kwa faida ya wasiomjua: alifunga mdomo, na hakuufungua mpaka walipokuwa ndani.

Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, kalamu ameichomeka kwenye nywele. Dada hakumpa nafasi hata ya kusalimia. Akamwaga yote: saa ya ukutani ya zamani, kabati, pasi, mizani ya nyama, na kwamba anaomba sindano iongezwe leo leo. Muuguzi akamgeukia Kola.

"Sauti zinasemaje siku hizi?"

"Ni zile zile, Sista. Hata yule mteja amepunguza kelele. Mimi ni mwili. Mwili umeisha."

"Unasikia?" dada akasema. "Mwili umeisha! Mtoto wa watu, mwili unaishaje?"

Muuguzi akachomoa kalamu. Ndipo mjomba alipofungua mdomo.

"Sista, kabla hujaandika. Mpe mkono."

"Mzee?"

"Mpe mkono, umwambie abane."

Dada akamvuta shati. "Kaka, si wakati wa michezo yenu."

"Dada, leo si mchezo."

Muuguzi akampa Kola mkono. Kola akabana. Muuguzi akairudisha kalamu kwenye nywele. Akaenda akaleta kifaa cha chuma chenye mshale, unakibana na mshale unapanda. Kwa Kola mshale ulinyanyuka kama mtu anayeamshwa Jumapili asubuhi. Akamwambia asimame kutoka kwenye kiti bila kushika popote, mikono kifuani. Kola akajaribu, akarudi chini. Akajaribu tena, akasimama huku anatetemeka. Akamwambia atembee hadi dirishani na kurudi. Yule kiguu na njia, mtu aliyemaliza vigae vya korido kwa miguu, alikwenda kama anavuka mto. Muuguzi akakunja mkono wa shati apime presha, na hapo kidonda kikaonekana.

"Hiki cha lini?"

Kola akamwangalia mama yake. "Cha zamani."

Dada akakitazama kile kidonda. Anamlindia mtoto huyu akili miaka yote, anamfulia, anampikia, na kidonda kilikuwa chini ya kitambaa alichokifua yeye mwenyewe.

Daktari aliitwa, akasikiliza kifua, akasema kuna maambukizi kwenye pafu, yamekaa. Damu ikachukuliwa. Sindano haikuongezwa. Wakati wanasubiri, muuguzi akawaeleza, na alieleza kwa maneno ya watu.

"Mama, wengi wenye ugonjwa huu miili yao inachakaa mapema kuliko ya rika lao. Nguvu za mkono zinashuka, mwendo unapungua, magonjwa madogo yanakaa. Sababu si moja. Dawa zimo, sigara imo, chakula kimo, na kinga ya mwili nayo mara nyingi haikai sawa. Wataalamu bado wanachunguza inaingilia wapi."

"Kinga si ndiyo askari wa mwili?" mjomba akadakia, maana alikwishapona ububu. "Sasa hawa wa kwake wamesinzia?"

"Shida ya wengine, mzee, ni kwamba hawasinzii. Wanakesha getini wanapigana na vivuli. Adui wa kweli akija, wako taabani."

Kola akacheka, cheko la kwanza tangu pasi inenepe. "Basi wamefanana nami, Sista. Hawajui kukaa."

Dada hakucheka. Alikuwa amekaa na mkoba wake mapajani, anaufungua anaufunga. "Nilidhani ametulia," akasema. "Niliita watu. Niliwapa chakula wasikilize."

Kola akaweka mkono wake, ule mbovu, juu ya mkoba usiendelee kufunguka. "Chakula kilikuwa kizuri, mama."

Hakupona kama kwenye hadithi. Kifua kilitibiwa, kikachukua muda wake. Alichomwa chanjo za kukinga mafua na homa ya mapafu. Akaambiwa ale mayai na maharage na aache sigara. Mayai na maharage aliyakubali, sigara bado wanabishana nayo. Akaambiwa atembee, tena kwa makusudi, kila siku zaidi kidogo. Hapo sasa ndipo nyumba ilipogeuka kichwa chini. Yule mama aliyeomba miaka yote mtoto akae, akawa anasimama mlango wa jikoni anapiga kelele, "Mbona sikusikii? Tembea! Fika mpaka hapa!" Na korido ikianza kulia puta-puta, puta-puta, mpaka kwenye kigae kilichopasuka, anavuta pumzi.

Mama Sabuni alimletea pasi mpya, nyepesi, ya plastiki. Kola aliinyanyua kwa vidole viwili, akamrudishia. "Hii mpe mtoto achezee." Wakaelewana hivi: makoti na shuka afanye mwingine, yeye afanye kola tu, nusu siku, amekalia stuli ndefu, na pasi yake ile ile. Aliyeishika meza aliondoka bila kinyongo, na masikio ya mbuzi yakatoweka mtaani.

Bado kuna siku anaiweka chini mapema. Bado mjomba humwangalia kwa pembeni anapofika kifungo cha juu, kama mtu anayeangalia mtoto akivuka barabara. Siku moja, miezi imepita, mjomba aliingia hapa chumba cha nyuma na mizaha yake, na Kola, bila kuambiwa, akaweka pasi kwenye lile doa la rangi ya chai, akanyoosha mkono juu ya meza.

"Salamu yetu, mjomba."

Mjomba akaogopa, nasema ukweli. Akaupokea. Kola akaangalia pembeni kama zamani, kama hayumo. Kisha akabana. Jamani! Mifupa ililia kama mlango wa kabati kuukuu, machozi yakanitoka mpaka kidevuni, nikapiga magoti hapa hapa sakafuni, Mama Sabuni akaja mbio na ndoo ya maji, wafuaji wakatupa nguo wakakimbilia nje, mtu akaita gari la wagonjwa, na mimi nalia, niachie mpwa wangu, niachie, utanivunja huo mkono unaolisha uko—

"Mjomba."

"Nini tena? Piga pasi."

"Hukupiga magoti. Ulisema, 'Umeanza kubana kidogo.' Halafu ukatoka uani ukaigeuza ndoo, ukaikalia, ukawa hutaki kuongea na mtu."

"Haya, naandika. Alibana kidogo. Kidogo tu, na pale pale umeme wa mtaa mzima uka—"

"Mjomba!"